Kutu kwenye sarafu za zamani: nilivyoiua heller ya babu kwa ndimu, na zilizobaki ninavyozihangaikia

Kopo la Babu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mikindani.

Kwanza niondoe hili mlangoni. Simjui tajiri anayenunua rupia ya Mjerumani kwa milioni mia tatu. Simjui dalali wake, wala rupia zangu hazivuti mchele kama wanavyodai. Wenye shida hiyo nyuzi zao zimejaa humu, endeleeni huko huko.

Huu ni wa wanaopenda sarafu zenyewe na wanaishi huku kwetu, ambako bawaba ya mlango ikimaliza masika mbili bila kupakwa mafuta unaibandua kwa vidole.

Babu mzaa mama alituachia kopo la maziwa ya unga. Lilikaa miaka na miaka stoo ya korosho, juu ya boriti, mpaka siku tulipobomoa paa la makuti tuweke bati. Mfuniko ulikuwa umeganda, mjomba akaufungua kwa panga. Ndani sarafu arobaini na moja, nyingine zimeshikana kama visheti vilivyomwagiwa shira. Kulikuwa na pesa nne (ndivyo sarafu hizo za shaba zilivyoitwa) za ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, za 1890 hadi 1892, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Rupia mbili za fedha, Kaiser kavaa kofia yenye tai. Heller za shaba za Mjerumani kibao (ndiyo, ni hiyo hiyo "hela" tunayoitafuta kila siku). Moja ya heller 20 ya Tabora, 1916. Pesa mbili za Sultani Barghash zenye mizani, mwaka 1299 wa Hijria. Senti za tundu za Mwingereza, shilingi za simba, na chini kabisa sumni (senti 50) na ndururu (senti 5) za Mwalimu.

Ya kwanza niliyoichukua ni heller 5 ya 1908. Wanaoijua wanajua: milimita 37, gramu 20, ukiitia mfukoni suruali inashuka. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na kijani kidogo pembeni. Mimi nikaona uchafu. Nikachukua ndimu na majivu, vile bi mkubwa anavyosugua sinia la shaba siku ya Idi. Dakika tano tu. Ikatoka ya waridi kama fizi za mtoto mchanga.

Nikapiga picha kwa furaha, nikamtumia mzee mmoja anayekusanya sarafu tangu mimi sijazaliwa. Akajibu neno moja: "Pole."

Kesho yake ndiyo akanipigia. Akaniambia ile kahawia si uchafu, ni ngozi. Shaba ikikaa na hewa inajivika ngozi yake polepole, na ngozi hiyo ikikamaa ndiyo inayoikinga. Tindikali ya ndimu imeila ngozi ikaingia mpaka kwenye nyama, na majivu yamefanya kazi ya msasa. Nikachukua kioo cha kukuzia cha fundi saa nikaitazama: kweli, uso wa sarafu umekuwa kama uwanja uliofagiwa na chelewa, mistari mitupu, yote upande mmoja. Haikupita mwezi ikaanza kutoka madoa, huku kahawia, huku kijani, kwa sababu hata kuisuuza sikuisuuza vizuri.

Sarafu ile imekwisha. Haina dawa, na yeyote anayewauzia dawa ya kurudisha ngozi anawauzia rangi.

Nimeanza na msiba wangu ili mjue naongea kama mfiwa, si kama mtaalamu. Karibuni, leteni na yenu.

---

Jirani wa Bandari

Nipo nimekaa pale na kahawa yangu. Endelea mkuu.

---

Mama Tundu

Kaka, nina senti za tundu kama kumi na mbili, za marehemu baba. Zote zina kijani. Sasa niache tu zioze?

---

Kopo la Babu

Dada, swali lako ndilo roho ya uzi. Kijani zipo mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza ni ngumu, ukiipitishia kucha inateleza, imeshikamana na sarafu kama rangi ya ukutani, mara nyingi imekolea. Hiyo imeshatulia. Iache. Unaweza usiipende kwa macho lakini haikuli.

Ya pili ni mpauko, ya unga unga, inakaa kwa vidoadoa kama ukungu kwenye makopa ya muhogo. Ukiigusa kwa kijiti inapukutika, na chini yake pana kishimo. Hiyo ndiyo mgonjwa. Chumvi imeingia ndani ya shaba ikatengeneza kloridi, na kloridi ikipata unyevu na hewa inazaa tindikali, tindikali inakula shaba mpya, inapatikana kloridi nyingine, mchezo unaanza upya. Ndiyo maana ukiifuta leo wiki ijayo imerudi. Haiambukizi kama kipindupindu, wengine wanatisha watu bure, lakini unga wake ukidondokea sarafu nyingine na pana unyevu, utalisikia jibu.

Usipokuwa na hakika, fanya hivi: weka sarafu kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na pamba iliyoloweshwa, visigusane, siku moja au mbili. Iliyotulia itatoka vile vile. Mgonjwa atakuwa ametoa vidoa vipya vya kijani cha majani machanga.

Zako za tundu angalia ukingo wa tundu kwa ndani. Uzi au kamba waliyotungia wazee imenyonya jasho na chumvi miaka yote ile, ugonjwa mara nyingi unaanzia hapo.

---

Fundi Betri

Mimi nilisoma mahali kwamba kabla ya yote unaloweka kwenye maji ya betri. Nikaenda duka la spea, nikaomba maji ya betri, kijana akanipa chupa. Nikaloweka pesa mbili za mizani. Baada ya saa moja maji yamegeuka bluu. Wakuu, alikuwa amenipa tindikali yenyewe, ile ya kujazia betri mpya! Pesa zangu sasa hivi hata mizani hainyanyui kitu.

---

Kopo la Babu

Hahaha, pole sana mkuu, na jina lako lote la ufundi betri.

Wadau sikieni: yanayotakiwa ni yale ya kuongezea betri, maji yaliyokenekwa, hayana chumvi. Soma chupa, usimsikilize muuzaji. Na ya bombani au ya kisima huku pwani usitumie kabisa, kisima changu mimi ukichemsha chai unahisi magadi.

---

Mkemia wa Masasi

Umetaja magadi, ngoja niingie hapo hapo. Wahifadhi wa makumbusho wanaotibu kijani cha unga wana dawa ya miaka mingi, sodiamu seskwikaboneti, asilimia tano kwenye maji yaliyokenekwa. Sasa jamani, magadi ya Ziwa Natron ndiyo hayo hayo! Mawe yale yale tunayotia kwenye maharage.

---

Mama Tundu

Kumbe dawa ipo jikoni!

---

Mkemia wa Masasi

Subiri dada, sijamaliza. Ni hayo hayo, lakini yanatoka ziwani yakiwa na chumvi ya kawaida ndani yake. Na chumvi ndiyo adui tunayemtoa. Ni sawa na kumwosha mtu matope kwa maji ya tope.

Nunua vitu viwili safi, kaboneti ya sodiamu kutoka duka la vifaa vya maabara na bekin soda isiyo na kingine ndani, changanya karibu nusu kwa nusu. Gramu 50 zote pamoja kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa. Sarafu inalala humo, unabadili maji kila wiki. Si kazi ya siku mbili, ni wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Na inaweza kubadili rangi kidogo, kwa hiyo usiloweke ambayo haiumwi.

Kuna nyingine inaitwa benzotriazoli. Makumbusho wanaitumia. Ni sumu, haifai mezani wanapolia watoto ugali. Nimeitaja ili mtu asije akaisoma kwingine akaagiza.

---

Kopo la Babu

Mkemia umenipunguzia kazi. Niongeze tu kabla ya kuloweka: vile vidoa vya unga vinatolewa kwanza, kwa mkono. Si kwa sindano wala wembe. Mimi natumia mwiba wa mlimau, au kijiti cha meno nilichokichonga upya. Mwiba ni mgumu kuliko ule unga na laini kuliko shaba, kwa hiyo ukiteleza hauachi mkwaruzo. Kioo cha fundi saa jichoni, taa pembeni, sarafu juu ya kitambaa. Unadonoa kidogo, unapuliza, unadonoa. Pesa moja ya 1891 ilinichukua jioni tatu kuanzia baada ya isha hadi macho yanatoa machozi. Mke wangu alidhani natoa miba ya samaki.

Wanaopenda kuloweka kwenye mafuta ya zeituni: yanalainisha udongo, ni kweli, ila yanaenda polepole na yanaifanya shaba iwe nyeusi. Mafuta ya nazi msijaribu, yakichacha yanazaa tindikali yake.

---

Korosho Original

Mimi swali langu ni la rupia. Ninayo moja ya 1890, ilikuwa nyeupe, niliiweka kabatini, sasa imekuwa nyeusi kama sufuria la kuni. Na haijaloa hata siku moja. Nipo Newala, bahari siijui.

---

Kopo la Babu

Mkuu, kabati lipo chumba gani?

---

Korosho Original

Stoo.

---

Kopo la Babu

Na salfa unaweka wapi?

---

Korosho Original

Stoo 😂 Mifuko mitano ilibaki msimu uliopita.

---

Kopo la Babu

Basi umejijibu. Fedha haiogopi chumvi kama shaba, inaogopa salfa. Ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, vumbi lake likiwa ndani ya nyumba linaifuata fedha popote ilipo na kuivika weusi. Hata nguo ulizovaa shambani ukizitundika chumba hicho hicho, imetosha. Mwezi wa sita mpaka wa tisa wilaya nzima za Newala na Tandahimba fedha inageuka, kina mama wenye bangili ni mashahidi. Mipira ya kufungia noti nayo ina salfa, kuna mtu alinionyesha shilingi ya simba yenye mstari mweusi katikati kama imepigwa rula. Ni mpira tu.

Rupia ina fedha asilimia 91 na kitu, kwa hiyo weusi wake ni wa juu juu. Unaweza kuuacha. Mimi zangu mbili nimeziacha, moja imetoa rangi ya zambarau pembeni kwenye mnazi, siibadilishi kwa kitu.

---

Msimbati Kwetu

Si unafunga tu kwenye karatasi ya alumini, bekin soda, maji moto? Mtandaoni dakika mbili inang'aa.

---

Kopo la Babu

Inang'aa, sikatai. Salfa inahama kutoka kwenye fedha kwenda kwenye alumini, kemia yake ni ya kweli. Lakini angalia jinsi inavyong'aa: weupe mfu, kama chaki, kwa sababu juu ya sarafu panabaki pa kukwaruzakwaruza ambapo weusi ulikuwa. Kijiko fanya. Sarafu yenye miaka 130 iache na weusi wake. Na zile dawa za kuchovya wanazouza masonara zina tindikali, kila mchovyo unaondoka na fedha kidogo. Shilingi za simba za kabla ya 1948 ndiyo msithubutu, robo tu ndiyo fedha mle.

---

Jirani wa Bandari

Mkuu, mimi nilikuwa mjanja, nikanunua albamu yenye vifuko vya plastiki nikapanga zote. Juzi nafungua, zimekuwa na ute wa kijani, zinanata. Ni chumvi pia?

---

Kopo la Babu

Hapana, hiyo ni albamu yenyewe. Nusa plastiki yake: inanuka kama pazia jipya la bafuni? Ni laini, inakunjika kama ngozi? Ni PVC hiyo. Inachakaa polepole, na kwenye joto letu inachakaa mbio, inatoa tindikali na ute. Mimi mwenyewe baada ya msiba wa ndimu nilikimbilia duka la vifaa vya ofisi nikanunua hizo hizo. Nikapata hasara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Muuzaji alisema ni za sarafu, na kwenye jalada pamechorwa sarafu.

Dawa yake ni asetoni safi. Si ile ya kutolea rangi ya kucha, ile imetiwa manukato na mafuta. Mimina kwenye glasi, ya kioo siyo ya plastiki maana itaila, tumbukiza sarafu, geuza, badilisha asetoni, itoe, ikauke yenyewe bila kufuta. Asetoni haigusi shaba wala fedha, inayeyusha ute na mafuta tu. Fungua madirisha, na jiko la mkaa liwe mbali, inashika moto kwa mvuke wake kabla mwali haujaifikia. Ikiwa ute umekaa miaka, utaondoka lakini chini utakuta palipoliwa. Hapo ndiyo basi tena.

---

Mtu wa Kilwa

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu. Dogo langu kaokota vijisarafu vidogo vya shaba ufukweni Kilwa Kisiwani baada ya mvua. Vyembamba, vimejaa kijani, vina maandishi ya Kiarabu. Tuviloweke hiyo dawa ya Mkemia?

---

Kopo la Babu

Mkuu, msiviloweke, msivisugue, na kwa heshima zote msiviuze.

Hivyo huenda ni vya masultani wa Kilwa wenyewe, walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mreno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na Kisiwani na Songo Mnara zipo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Vifungeni kwenye karatasi kavu, andikeni mahali hasa vilipookotwa, hatua ngapi kutoka wapi, mpeleke kwa wahusika wa malikale pale Kilwa Masoko.

Mahali ndipo penye thamani kuliko shaba yenyewe. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Tano tu, za shaba, nyepesi. Mpaka leo wasomi wanazibishania, zilifikaje kule. Zingekuwa kwenye kopo la mtu bila maelezo zingekuwa vijisarafu tu. Na kwenye sarafu hizo maandishi ni membamba mno, mara nyingi jina la sultani limebaki ndani ya hiyo hiyo kutu. Ukiitoa kutu umemtoa sultani.

---

Mtu wa Kilwa

Nimekuelewa. Dogo kaanza kulia lakini tutaenda.

---

Sumni Mbili

Vipi hizi zetu za juzi? Nina shilingi za miaka ya 80 mwishoni zimepata kutu nyekundu kabisa kama msumari.

---

Kopo la Babu

Zijaribu kwa sumaku. Zile zinazonasa ni chuma kilichovikwa nikeli. Ukivunjika utando wa nikeli mahali popote, hasa ukingoni, chuma kinaoza kwa ndani na utando unabaki unainuka kama ganda la kidonda. Mimi sijaona cha kuzifanya zaidi ya kuzikausha na kuzitenga. Za 1966, ndururu ya pembe kumi na mbili ni shaba, sumni ya sungura ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hizo zinavumilia.

Na mwenye heller 20 ya Tabora, kabla hujahuzunika kwa uso wake, kumbuka ilipigwa vitani, kwenye karakana ya reli, Mwingereza kafunga bahari. Nyingi zilizaliwa na uso mbovu: makovu, mhuri uliopasuka, herufi zisizojaa. Hiyo si kutu, ni alama ya kuzaliwa. Kutu ya zile za shaba nyeupe unaijua kwa mabaka mekundu: zinki imetoka, shaba imebaki peke yake.

---

Mama Tundu

Na za kuhifadhi sasa kaka? Sanduku la mninga linafaa? Ninalo zuri.

---

Kopo la Babu

Tia khanga. Mbao inatoa mvuke wenye tindikali, hata maboksi ya karatasi yanatoa, na ukifunga vizuri ndiyo unazidi kuuhifadhi ndani.

Mimi nimeishia hapa: kila sarafu kwenye kifuko chake cha polyesta, ile plastiki inayolia krii krii ukiikunja, halafu zote kwenye chombo cha chakula chenye mfuniko wa kubana, na ndani vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti vikishanyonya havifanyi kazi, kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa namimina punje kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, narudisha. Mchele usitie. Unaacha vumbi na wadudu. Na usishike uso wa sarafu, shika ukingo, kidole chenye jasho la Mtwara kikigusa shaba safi alama yake haitoki, utaisoma kama NIDA.

---

Kopo la Babu

Nimerudi baada ya wiki tisa, walioniuliza kwa ujumbe nisameheni, ulikuwa msimu.

Pesa ya 1891 imetoka kwenye dawa. Nilibadili maji mara nane, nikaisuuza kwenye maji yaliyokenekwa siku nne, nikaipitisha kwenye asetoni ikauke, nikaiweka kopo la pamba yenye maji siku mbili. Haikutoa kidoa. Imebaki na vishimo viwili, kimoja kwenye bawa la tai, na rangi imeingia weusi kidogo kuliko zamani. Maandishi ya Kiarabu yote yanasomeka. Nyingine mbili bado zimelala kwenye chupa ya jemu, zinatoa vidoa kila nikizijaribu.

Ile heller ya ndimu ipo mezani, nimeifanya ya kushikia karatasi. Imeshaanza kuwa kahawia upande ninaoushika.

Anayejua duka Mtwara mjini au Lindi lenye vifuko vya polyesta aseme. Vya mwisho niliagiza Dar, vikaja vimekunjwa katikati kama barua.